Kambi Iliyokosa Wenyewe

Asubuhi mto ulipovunja kingo zake nilikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Satellite jijini Nairobi, nikisubiri chai ichemke. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, dada ya mama yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Yeye si mtu wa kupiga simu. Husubiri atafutwe.

"Mwanangu," akasema kwa sauti tulivu kabisa, "maji yako kitandani."

Nilidhani paa linavuja. Nikamuuliza kama ameweka sufuria.

"Si ya juu," akasema. "Yametoka chini. Mimi niko juu ya meza ya jirani."

Mama mdogo alikuwa amepanga chumba bondeni, upande wa chini wa Riruta, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyofuatana hadi karibu na mto. Alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa msichana, na miaka yote hiyo aliishi kwa kutwanga mahindi, kuyatoa maganda na kupika muthokoi aliouza jioni kando ya barabara. Mara nyingi nilimwomba ahamie kwangu. Alinijibu kwamba nyumba ya ghorofa haina mahali pa kutwangia, na kwamba jirani wa chini angelalamika.

Nilipofika, watu wa ploti walikuwa wameshapanda juu, wamesimama kwenye matope wakitazama walikotoka. Nilitarajia vilio. Kulikuwa na kimya. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakipita kati ya vyumba bila haraka, yakiingia mlango huu na kutokea dirisha lile, na juu yake vilielea vitu vya ndani vya watu. Kinu cha mama mdogo kilipita mbele yetu. Kilikuwa kimesimama wima majini, kikizunguka polepole. Alikitazama mpaka kikapinda kona pamoja na mto.

"Kimeenda," akasema, akajifunga leso upya kiunoni.

Katika ploti yao wote walitoka salama. Ploti iliyofuata haikuwa na bahati hiyo, lakini hayo wapo wenye haki ya kuyasimulia kuliko mimi.

Waliingia kwenye kanisa lililo juu ya barabara. Nilitaka kumchukua mama mdogo siku hiyo hiyo, akakataa. Kulikuwa na mtu wa serikali aliyepita pale na kipaza sauti akawaambia wasitawanyike. Msaada uko njiani, alisema, na mtu akiondoka kanisani hatapatikana. Mama mdogo aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Aliona kwamba akiondoka yeye, na yule mzee wa chumba cha pili akaondoka, na mama wa mapacha akaondoka, gari litafika likute kanisa tupu, ligeuze.

"Wewe nenda kazini," akaniambia. "Si huko ndiko vitu vinatoka?"

Ni kweli. Nilikuwa nikifanya kazi, na bado ninafanya, katika idara ndogo ya serikali inayoshughulika na misaada ya dharura. Ofisi yetu iko katikati ya jiji, ghorofa ya juu, na madirisha yake yanatazama paa za majengo mengine. Kazi yangu ni ripoti na picha. Kwa hiyo nilipanda ngazi siku ile nikiwa na moyo mwepesi kuliko unavyoweza kufikiri. Nilijua blanketi zipo. Nilikuwa nimeziona kwenye bohari kwa macho yangu.

Bosi wangu, mwanamke nadhifu aliyekuwa hajalala vizuri kwa siku kadhaa, hakuniacha hata nimalize.

"Usiwe na wasiwasi. Kambi iko tayari. Mahema, magodoro, chakula, kila kitu. Iko Kitisuru."

"Kitisuru?"

Kitisuru ni mtaa wa matajiri, mteremko wa nyua ndefu na miti mikubwa. Mvua ikinyesha huko, maji hushuka yakawe shida ya wengine.

"Kulikuwa na kiwanja cha serikali," akasema. "Kikavu, na barabara yake haijaharibika. Malori yalitaka mahali pa kushusha."

"Na watu watafikaje kutoka Riruta?"

"Usafiri si wetu. Ni wa idara nyingine."

Nikaipigia simu idara nyingine. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alinieleza kwamba mabasi yapo, madereva wapo, wanasubiri tu kambi iwaambie kwamba watu wanahitajika. Nikapiga simu kambini. Huko wakaniambia wanasubiri watu. Nilibaki nimeshika simu, nikiwaza kanisa lile, ambako nako walikuwa wanasubiri.

Siku iliyofuata nilitumwa Kitisuru na dereva wa idara kupiga picha za ripoti. Ilikuwa adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa haujaondoka, ukining'inia kwenye mikaratusi. Tulipita malango marefu yaliyofungwa, kisha askari mmoja akatufungulia lango la waya, na kambi ikawa mbele yetu.

Ilikuwa nzuri. Sijui nilitarajia nini, lakini nakumbuka hilo ndilo jambo la kwanza nililofikiri. Mahema meupe yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, kamba zimekazwa, milango yote imefungwa kwa vifundo vya namna moja. Katikati ya safu nyasi zilikuwa ndefu, zimelowa umande, hakuna mahali zilipokanyagwa. Dereva alizima gari akasema atanisubiri ndani. Nikamwona akifunga vioo.

Nilienda kwenye hema la kwanza. Nilikuwa nimeshika kamera mkono mmoja, na wa pili uko kwenye kifundo, nikajisikia nikisema, "Hodi."

Nikangoja. Kweli nilingoja nijibiwe. Kisha nikafungua, nikaona godoro jipya, blanketi iliyokunjwa, na juu ya blanketi kipande cha sabuni bado kimo kwenye karatasi yake. Beseni. Jozi ya ndara. Hema la pili vivyo hivyo, na la tatu. Kwenye kila mlango nilipiga hodi. Nilijaribu kuacha nikashindwa. Ilikuwa kama kuingia chumbani mwa mtu aliyetoka kwenda kuoga.

Kengele ikalia. Ilikuwa kipande cha chuma kikigongwa, mlio mkavu uliopita juu ya mahema na kurudi. Nikageuka haraka, nikitazamia milango ifunguke. Hakuna kilichofunguka.

Kwenye mwisho wa kiwanja kulikuwa na jiko la muda chini ya turubai, na meza ndefu mbele yake. Wanawake wawili wenye aproni walikuwa wakipakua ugali na maharagwe, sahani baada ya sahani, na kuzipanga mezani pamoja na vikombe. Mvuke ulipanda kutoka kwenye sahani zote. Walipomaliza walisimama nyuma ya meza, mikono mbele, wakitazama njia.

Niliwasalimu. Mkubwa wao, mama mnene wa upande wa Limuru, alinikaribisha nile.

"Mnampikia nani?" nikamuuliza.

"Sisi tuliambiwa tupike," akasema. "Hatukuambiwa watu watatoka wapi. Chakula lazima ikae mezani mpaka saa yake iishe, halafu tunaondoa. Kuna mtu wa nguruwe anakuja kuchukua."

"Na kila siku mnagonga kengele?"

"Kila siku. Ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki." Alipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Huyu mwenzangu ndiye anaanika blanketi. Muulize kama ataingia huko peke yake."

Mwenzake, msichana mwembamba, aliangalia chini. "Huwa nabisha kwanza," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui, madam. Naona ni vibaya kuingia tu."

Sikumwambia kwamba hata mimi nimebisha. Nilipiga picha za meza. Wingu zito likashuka juu ya kiwanja, giza likawa la magharibi ingawa ilikuwa mchana, na ndani ya mahema, moja hapa, jingine kule, halafu yote kwa pamoja, taa zikawaka. Zilikuwa taa zile za kujichaji kwa jua, zinazojiwasha zenyewe mwanga ukipungua. Nilijua hivyo. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya kuzipokea. Hata hivyo nilisimama na yule mama wa jikoni tukatazama kambi nzima ikiwaka kwa ndani, kila hema na taa yake, na mtu yeyote aliyekuwa akipita barabarani angesema watu wamejaa, wamejifungia, wanazungumza kwa sauti za chini.

"Twende, madam," dereva akaita kutoka kwenye gari. Hakuwa ameteremsha kioo zaidi ya upana wa kidole.

Ofisini bosi alizitazama picha moja moja kwenye kompyuta.

"Ni nzuri. Lakini hazina watu."

"Hakuna watu, madam. Watu wako kanisani Riruta. Niruhusu niwalete mimi mwenyewe, hata kwa kukodisha gari."

"Askari atawarudisha langoni. Lazima waletwe na idara ya usafiri, ndivyo ilivyoandikwa." Alijifinya juu ya pua, palipoachwa alama na miwani. "Kesho kutwa mkubwa kutoka wizarani anatembelea kambi na watu wa televisheni. Wafanyakazi wa ofisi wataenda. Mtakaa kwenye mahema kwa muda mfupi tu. Waathiriwa wenyewe watafuata baadaye."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mtu aliyechoka. Hakucheka.

Jioni nilipita kanisani. Watu walikuwa wamelala katikati ya mabenchi, nguo zao zimeanikwa kwenye mimbari, na hewa ilikuwa na harufu ya nguo zisizokauka. Kila gari lilipopita nje, yule mzee wa chumba cha pili aliinua kichwa, akasikiliza, akakilaza tena. Mama mdogo alikuwa ameketi akiwa amejifunika gunia.

"Blanketi ziko?" akaniuliza.

"Ziko nyingi."

"Za nani?"

"Zenu."

"Na ziko wapi?"

Nilipomwambia Kitisuru alifikiri kidogo. Aliwahi kufua nguo huko, zamani. "Huko ni kuzuri," akasema. "Kuna hewa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku ya ziara tulipakiwa kwenye basi nje ya ofisi, katikati ya jiji, watu wakitupita na shughuli zao. Kambini tuliambiwa tuvue tai na viatu. Wanawake tuligawiwa leso. Mimi niliwekwa hema la safu ya tatu, nikaambiwa nikae kwenye godoro na nisisimame mkubwa akiingia. Mlango ukafungwa.

Mwanzoni nilisikia wenzangu wakichekeana kutoka hema hadi hema. Baadaye vicheko vikaisha. Mvua nyepesi ikaanza kudondoka kwenye turubai. Mtu akakohoa upande wa kushoto, nikajaribu kukumbuka ni nani aliyewekwa huko, nikashindwa. Mtu mwingine akaanza kukoroma. Ilikuwa baridi, ile ya kutoka chini, na bila kufikiri nikavuta blanketi nikajifunika miguu. Nilitazama leso, ndara na beseni, nikahisi kwamba nimekaa pale siku nyingi, na kwamba ofisi, ngazi zake na madirisha yake, ni kitu nilichosimuliwa. Nilitaka kutoka nje. Nikakumbuka nimeambiwa nisisimame, nikabaki.

Mlango ulifunguliwa, mwanga wa kamera ukaingia kwanza. Mkubwa aliinama akaingia, akachuchumaa mbele yangu. Nyuma yake alikuwa msaidizi wake, na nyuma ya msaidizi bosi wangu.

"Pole, mama," mkubwa akasema. Alikuwa na sauti ya upole, na sidhani alikuwa akiigiza. "Umetoka wapi?"

"Riruta, bondeni."

"Umepoteza nini?"

"Kinu," nikasema.

Alingoja. Nami nikaona kwamba sina budi kumalizia.

"Lakini si changu, mheshimiwa. Ni cha mama yangu mdogo. Yeye yuko kanisani Riruta, na majirani wake wote wako huko, wamejifunika magunia. Hapa hakuna aliyefurikiwa. Sisi ni wafanyakazi wa ofisi. Ndani ya mahema yote haya ni watu wa ofisi."

Mkubwa alinitazama usoni kwa muda, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana," akasema. "Pole sana, mama."

"Ni mshtuko," msaidizi akamwambia kwa sauti ya chini. "Wengi wako hivyo."

Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Alichukua blanketi iliyokuwa miguuni pangu akanifunika mabegani, kamera zikapiga, akainuka. Nilifungua mdomo. Hakuna aliyekuwa akinitazama tena ila bosi wangu. Nilimsikia mkubwa akiingia hema la pili akisema pole, na mtu wa uhasibu akimjibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba alipoteza kila kitu. Aliyasema vizuri. Mimi mwenyewe nilimwamini.

Nilijua nimefukuzwa kazi. Lakini ndani ya basi bosi alikuja akakaa kando yangu.

"Nilisikia," akasema. "Nimewapigia watu wa mabasi. Nimewaambia kambi inahitaji watu. Kesho asubuhi watakuwa kanisani."

Na kweli walikuja. Asubuhi ile nilikuwa kanisani mapema, nikamsaidia mama mdogo kufunga mfuko wake. Watu walipanda kwa utaratibu, wazee mbele. Yule mzee wa chumba cha pili alikaa karibu na dereva akashika chuma kwa mikono yote miwili. Tulipoanza kupanda Kitisuru watoto walinyamaza, wakitazama miti na kuta. Mama mdogo alinionyesha lango moja akasema hapo ndipo alipofua, na kwamba mwenye nyumba alikuwa mtu mzuri.

Lango la waya lilikuwa wazi na askari hakuwepo. Basi likaingia, likasimama.

Hapakuwa na hema hata moja.

Dereva alizima injini. Ukungu ulikuwa umelala chini, na kati yake kiwanja kilionekana kimepangwa safu kwa safu za alama za nyasi zilizofifia, njano, kila moja na ukubwa wa hema. Nilimpigia bosi simu. Sauti yake ilibadilika. Hakuwa na habari. Aliniambia ningoje, akarudi baada ya muda akanieleza. Ziara ikishafanyika, kambi ilihesabiwa kuwa imekwisha kazi. Alfajiri malori yalikuja kutoka bohari yakapakia mahema na vyote vilivyokuwamo kupeleka kaunti nyingine.

Nilipogeuka kuwaambia, watu walikuwa wameshateremka. Hakuna aliyewaelekeza. Walitembea katikati ya safu wakizikwepa zile alama, kama mtu anavyozunguka kuta, kisha kila familia ikachagua yake, ikaingia na kusimama ndani. Mama wa mapacha aliwaweka watoto katikati ya nyasi za njano akatua mizigo pembeni. Mzee alisimama kwenye yake, akavua kofia. Hakuna aliyelalamika wala kuuliza. Walikaa hivyo, kila mmoja kwake, na nafasi za kupita katikati, katika kambi isiyokuwepo. Mama mdogo alichagua ya safu ya tatu. Alikunja miguu akaketi.

Kisha kengele ikalia. Wale wanawake wa jikoni walikuwa bado wapo chini ya turubai, mwisho wa kiwanja; hakuna aliyekumbuka kuwaambia kambi imekwisha. Watu walisimama wakaja mezani, wakala kimya, wengi mara mbili. Mama wa Limuru alikuwa akipakua na kutazama nyuso, kupakua na kutazama. Msichana mwembamba aliingia nyuma ya turubai na sikumwona tena hadi tulipoondoka.

Alasiri basi liliwarudisha Riruta.

Mwishowe blanketi zilitoka kwa makanisa mengine na kwa watu wa Satellite, waliopita nyumba kwa nyumba wakizikusanya. Baada ya majuma machache wote walikuwa wametawanyika kwa ndugu na kwenye ploti za juu. Bosi wangu alihamishwa, na sijui kama ni kwa sababu ya simu ile. Mimi sikufukuzwa. Hakuna hata aliyenitajia jambo lile. Ripoti ililetwa mezani kwangu niihariri, na humo kulikuwa na picha yangu nimefunikwa blanketi, na chini yake maneno "mwathiriwa kutoka Riruta." Baadaye zililetwa picha kutoka ile kaunti nyingine. Mahema ni yale yale, safu zimenyooka, taa zinawaka. Nilizikuza kwenye kompyuta nikatafuta mtu. Bado sijui kama walikuwemo ndani.

Mama mdogo alikubali kuja kwangu, na sasa anasema jirani wa chini si mbaya. Jioni moja, tukinywa chai, aliniuliza siku ile ya kiwanjani nilikuwa nimesimama wapi.

"Njiani, karibu na basi. Kwa nini?"

"Pale nilipokaa palikuwa na joto," akasema. "Nilishika nyasi kwa mkono. Kama mahali ambapo mtu ameamka sasa hivi."

Nikamwambia labda ni jua.

"Hakukuwa na jua," akasema, akasogeza kikombe nimwongezee.